Kurudi kukimbia baada ya operesheni ya goti: anza na paja

Ukishapita miaka 60 na ufanyiwe operesheni ya goti, kila mtu anakuambia mbio umemaliza, sasa pumzika. Mimi nakimbia. Mwendo umepungua lakini asubuhi niko barabarani hapa Nakuru, na kilichonirudisha ni paja, wala si raba za bei ama dawa ya kuchua.

Hii hatuambiwi vya kutosha. Goti likifura baada ya kisu, ule uvimbe unazima msuli wa mbele ya paja, unajaribu kuukaza haukazi, wiki chache tu paja limekonda mpaka unaliona kwa macho. Sasa ukikimbia hivyo kila hatua inaangukia goti lenyewe. Dada wa fizio aliniambia, "Mama, goti limepona, paja ndilo limelala," na ni kweli, hata kuinuka kwa kiti nilikuwa nashika meza.

Kwa hivyo kazi ilianzia jikoni. Nakaa kwa kiti, pakiti ya unga ya kilo 2 iko ndani ya kiondo, kiondo kimening'inia kwa mguu, nanyoosha goti polepole mpaka liwe sawa kabisa, nahesabu mpaka 5, nashusha polepole vilevile. Tafadhali mwanzoni usiweke unga, mguu wenyewe ni mzigo tosha.

Usikimbie kabla hujaweza kutembea dakika 30 bila goti kufura, na kuinuka kwa kiti bila kushika kitu. Hapo sasa kimbia dakika 1, tembea 2, na kesho yake upumzike. Goti usiliulize ukiwa mbioni, mwili ukishapata moto kila kitu kinakaa sawa tu, liulize asubuhi ukishuka kitandani. Likiwa limekaza ama limefura, jana ulizidisha, punguza.

Mimi nilitolewa kipande kilichochanika cha gegedu, ule mto ulio kati ya mifupa ya goti. Kama umebadilishiwa goti zima, lile la chuma na plastiki, hiyo ni habari nyingine, madaktari wengi wanaruhusu kutembea, baiskeli na kuogelea lakini kwa mbio wanasita juu plastiki inalika, muulize aliyekufanyia. Na shavu la mguu likifura na kuuma, ama pumzi ikatike ghafla, damu inaweza kuwa imeganda, enda hospitali saa hiyo hiyo, usingoje Jumatatu.

Halafu mteremko. Kupanda kunamaliza pumzi, tuko karibu mita 1,850 huku, wageni wa kutoka Kisumu wanahema, lakini kushuka ndiko kunaumiza goti kwa sababu paja ndilo breki. Njia ya Menengai naipanda kwa miguu, kurudi naita boda. Kijana huniuliza, "Shosho, umechoka?" Namwambia hapana, nalinda goti, twende polepole.