Mkono unaovimba baada ya kukatwa titi

SWALI: Mwaka jana nilikatwa titi la kulia na kutolewa tezi za kwapani, kisha nikapata tiba ya miale. Sasa mkono huo huvimba kila jioni, hasa nikitoka kuparua samaki pale Dunga. Muuza dawa alinipa vidonge vya kukojoza, havikunisaidia. Dada yangu anataka kunikanda kwa maji moto na kunifunga bandeji. Nikubali? — Msomaji, Kisumu

JIBU: Pole, mama. Usikubali. Kilichojaa mkononi ni limfu, majimaji ya mwili yanayopitia tezi kama zile za kwapani, yenye protini nyingi. Dawa ya kukojoza hutoa maji, protini hubaki palepale na kuyavuta tena. (Kama unazimeza kwa sababu ya presha, usiziache bila daktari.) Joto hutanua mishipa ya damu na kuongeza majimaji, ilhali njia za kuyatoa zimepungua. Bandeji iliyokazwa na asiyejua hubana kifundo cha mkono, kiganja kikafura.

Kwa kuwa asubuhi mkono hupungua, bado ni mapema, na huo ndio wakati wa kutibu. Chukua tepu ya fundi cherehani, upime mikono yote miwili asubuhi: anzia kifundoni, kisha kila sentimita 4 kwenda juu. Andika. Mikono ikizidiana kwa sentimita 2 mahali popote, peleka vipimo hivyo idara ya fiziotherapia, mathalani katika Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, upimiwe soksi ya kubana mkono. Usiazime ya mtu.

Ivae asubuhi kabla ya kazi, uivue ukilala. Losheni ni ya usiku. Ukingo wa juu usiukunje hata kidogo, maana pale panabana maradufu na limfu inakwama chini yake. Vidole vikifura, omba na glavu yake. Vikifa ganzi au kubadilika rangi, vua mara moja. Baada ya miezi 6 hivi huwa imelegea, ibadilishwe.

Samaki usiwaache, kazi hunyoosha misuli nayo husukuma limfu. Hatari ni mwiba wa pezi la ngege: tundu dogo tu, na bakteria wameingia. Vaa glavu nene za mpira. Ukichomwa, osha kwa sabuni na upake dawa ya kuua viini.

Mkono ukiwa mwekundu na moto, au wewe ukitetemeka kwa homa, vua soksi uende hospitali siku hiyohiyo, utahitaji antibiotiki. Uvimbe wa ghafla wenye maumivu, au kinundu kipya kwapani, daktari auchunguze kwanza: huenda damu imeganda au saratani imerudi.