Kelele za intaneti kwenye nyaya za umeme: zitafute kabla hujamlaumu jirani

Wenzangu wa redio ya ridhaa, yaani tunaowasiliana kwa redio kwa kupenda tu na si kwa biashara, mlioko Dodoma, hasa mnaokaa kwenye nyumba zilizobanana kama Chang'ombe, nawaomba jambo hili mlichukulie kwa uzito. Zile adapta zinazochomekwa kwenye soketi ili kusambaza intaneti kwa nyaya za umeme za nyumbani zinaweza kukufunikia kwa kelele masafa mafupi karibu yote, na mwenye nazo asiwe na habari kabisa.

Waya wa umeme umewekwa kubeba umeme wa hezi 50. Adapta inaupitishia mawimbi ya kuanzia megahezi 2 hivi hadi karibu 30, na sisi tunafanyia kazi humohumo: 7, 14, 21. Waya wenyewe hauna kinga ya kuyazuia, kwa hiyo yanatoka nje na ukuta mzima unageuka antena. Ukiwa unamtafuta mtu wa Japani anayerusha kwa wati 100, hata kelele ndogo inatosha kumzima.

Kwangu kelele zilikuwa zinaanza jioni, watu wakirudi kazini. Nilizima meni swichi, nikawasha redio kwa betri ya N50. Kelele zikabaki vilevile, maana yake hazikutoka kwangu. Hatua hiyo usiiruke, kwa sababu mara nyingi mkosaji ni taa ya LED ya bei rahisi au chaja ya sola iliyo ndani kwako mwenyewe. Na masika usichanganye na radi: radi inapasuka na kupita, adapta inatatarika mfululizo, na mtu akianza kupakua kitu inakuwa mvumo mzito.

Kuna dalili moja ninayoiamini kuliko zote. Adapta nyingi za HomePlug, aina moja ya hizo adapta, zimewekewa mapengo kwenye masafa ya redio ya ridhaa, yaani hapo hazirushi kwa nguvu. Zungusha kutoka megahezi 7.1 uende juu taratibu. Kelele zikipanda ghafla ukishapita 7.3, pengo linapoishia, karibu una uhakika ni adapta. Mapengo hayo yanatusaidia sisi kidogo, lakini msikilizaji wa kawaida wa masafa mafupi hayamsaidii kitu, na hilo linaniuma.

Baada ya hapo nilitembea na redio ndogo ya mkononi kando ya uzio mpaka ilipolia zaidi, karibu na mita ya LUKU ya jirani. Nikabisha hodi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu, karibu."

Sikumwambia kwamba anaharibu. Nilimpa redio aisikilize mwenyewe, nikamwomba achomoe adapta. Ikanyamaza papo hapo. "Kumbe!" akasema. Tulivuta kebo ya mtandao kutoka kwenye ruta hadi chumba cha vijana, na intaneti yao ikawa na kasi kuliko mwanzo. Nendeni na kebo mkononi. Mtu hawezi kuacha intaneti kwa ajili ya redio yako.

Msiuchanganye mkongo wa fiba unaopita kwenye njia kubwa za umeme na jambo hili. Ule unabeba mwanga ndani ya kioo, hauna kelele za redio.

Wanaosema tunalalamika bure waangalie Marekani. Mji wa Manassas, Virginia, uliweka intaneti ya nyaya za umeme mji mzima, wanaridhaa wakalalamikia mwingiliano kwa miaka, na mwaka 2010 huduma ikafungwa. Chama chao, ARRL, kiliipeleka mahakamani FCC, mdhibiti wa mawasiliano wa huko, na mwaka 2008 mahakama ikasema mdhibiti alikosea kuficha sehemu za tafiti alizozitegemea.

Jirani akikataa, usigombane naye. Andika tarehe, saa na masafa, rekodi sauti, kisha peleka malalamiko TCRA ukiwa na leseni yako hai. Wakati unasubiri, sogeza antena mbali na nyumba kadiri kiwanja kinavyoruhusu, na usiilaze sambamba na waya unaotoka nguzoni.