Ukiona ng'ombe Oodnadatta Track, usidhani mchungaji yuko karibu

Nimekulia Longido, kwenye wafugaji. Kwetu gari likiharibika porini hukai hata nusu saa peke yako: atatokea mtoto na mbuzi zake, nyuma yake baba yake, halafu watu watatu ambao hujui wametokea wapi. Kwa mazoea hayo nilikwenda kaskazini mwa jimbo la Australia Kusini, na nusura yaniponze. Nawaandikia ninyi mlioko Adelaide, Melbourne na kwingineko mnaopanga kwenda huko likizoni.

Ukishaondoka mji mdogo wa Marree unaingia Oodnadatta Track, barabara ya vumbi na changarawe, na kituo kinachofuata, William Creek, kiko kilomita kama 200 mbele. Wakazi wake hawajazi daladala moja. Pande zote kimezungukwa na Anna Creek, ranchi ya ng'ombe kubwa kuliko zote duniani, zaidi ya kilomita za mraba 15,000. Mkoa mzima wa Kilimanjaro ungeingia humo, mlima na yote, na malisho yakabaki. Na ranchi hiyo inaendeshwa na watu wachache mno. Ng'ombe hawachungwi. Wanatembea wenyewe, wanakunywa kwenye mahori yanayojazwa na visima virefu vya maji ya chini ya ardhi, kisha siku ya kuwakusanya ikifika wanafuatwa kwa pikipiki na ndege ndogo.

Mimi hilo nilikuwa nimelisikia, ila lilikuwa halijaniingia akilini.

Ilikuwa Septemba, tumebakiza kilomita kama 70 kufika William Creek, tukapata pancha. Jeki ikawa inazama kwenye mchanga, tukaiwekea kipande cha ubao chini, tukafunga tairi la akiba. Hatukwenda mbali, tairi jingine likachanika. Akiba hatuna tena, simu haishiki. Ng'ambo ya barabara niliona ng'ombe tisa wekundu, wamenona, wanafuatana kwa mstari kama wanaorudi boma. Moyo ukatulia. Nikachukua chupa ya maji, nikamwambia mwenzangu nawafuata hao, watanifikisha kwa watu.

Mwenzangu ni Mkenya wa Kitale aliyeishi Australia miaka mingi. Akanishika mkono. "Ndugu yangu, hao wanakwenda kunywa maji. Huko hakuna mtu." Ndipo akanisimulia yaliyotokea Desemba 1998, upande huohuo wa Ziwa Eyre, ziwa la chumvi la huko. Watalii wawili kutoka Ulaya walikwama mchangani, mmoja akaamua kutembea kuelekea William Creek kutafuta msaada. Alikutwa amefariki, akiwa ameshatembea karibu kilomita 30. Aliyebaki kwenye gari, karibu na tangi la maji, alipona.

Nilirudisha chupa ndani. Tulikaa kwenye kivuli cha gari toka saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, tunakunywa kidogo kidogo, nzi wanagombania pembe za macho. Mwishowe ikaja pikapu ya ranchi. Aliyeshuka alikuwa mama wa makamo mwenye kofia pana. Hakuuliza tumetoka wapi. Aliuliza maji yamebaki kiasi gani, akayaangalia kwa macho yake mwenyewe, ndipo akachukua vifaa vyake akaziba lile tairi la kwanza.

Kwa hiyo nakuomba sana: usiliache gari. Gari linaonekana kutoka angani, mtu haonekani. Beba matairi mawili ya akiba, sio moja, na maji ya siku kadhaa zaidi ya ulizopanga. Mimi nahesabu lita 10 kwa kila mtu kwa siku. Ukifika kwenye changarawe punguza upepo wa matairi na upunguze mwendo. Kodi simu ya setilaiti au beba redio ya UHF, ile ya kuzungumza na magari yaliyo karibu, na kabla ya kutoka Marree mwachie mtu taarifa ya saa unayotarajia kufika. Nenda kati ya Mei na Septemba. Kiangazi usijaribu kabisa: Oodnadatta yenyewe, mji ulioipa barabara hii jina, ilifikia nyuzi 50.7 tarehe 2 Januari 1960. Mvua nayo, hata ikiwa kidogo, hugeuza njia kuwa utelezi. Kibao kikisema barabara imefungwa, rudi, maana ukipita unapigwa faini. Na jua likianza kuzama paki gari, kwa sababu barabara haina uzio, na kangaruu na ng'ombe huvuka bila kutazama.

Mwisho ni malango, ukichepuka kwenye njia za pembeni. Ulilolikuta wazi liache wazi, ulilolikuta limefungwa lifunge nyuma yako. Huenda lile la wazi ndilo ng'ombe wa yule mama wanalopitia kufuata maji, na ukilifunga, inaweza kupita siku kadhaa kabla mtu hajapita hapo kulifungua.