Maswali na Majibu: Marafiki wa ukubwani, simu iliyotekwa, na mama anayehitaji kuangaliwa

Maswali ya safari hii yametoka kwa watu wa umri wa miaka 27 hadi 66. Yanatofautiana sana, lakini karibu yote yanahusu mambo ambayo kila mmoja alidhani yatajipanga yenyewe.

Nina miaka 36. Nilihamia mji huu kikazi miaka miwili iliyopita. Nafahamiana na watu wengi, ila sina hata mmoja ninayeweza kumpigia simu usiku nikipatwa na jambo. Nina kasoro gani?

Huna kasoro, dada. Kinachokosekana ni saa. Mtafiti Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, katika utafiti uliotoka mwaka 2018, alikadiria kwamba mtu mzima huhitaji kama saa 50 za kuwa na mwenzake ili watoke kwenye kufahamiana tu wafikie urafiki wa kawaida, saa 90 hivi wawe marafiki hasa, na zaidi ya saa 200 wawe wa karibu. Shuleni saa hizo zilijaa bila mtu kuzipanga. Ukubwani hakuna anayekupangia. Ukionana na mtu saa mbili kwa mwezi, saa 50 zitakuchukua zaidi ya miaka miwili. Ukionana naye saa mbili kila wiki, ni kama miezi sita. Ndiyo maana "tutafutane siku moja" haizai kitu.

Chagua watu wawili au watatu, si kumi. Tafuta jambo linalojirudia kila wiki, siku ileile na saa ileile: mazoezi, kwaya, darasa, matembezi ya jioni. Kisha ongeza nusu saa nje ya shughuli yenyewe, maana utafiti huohuo ulionyesha kwamba saa za kufanya kazi pamoja hazijengi sana urafiki. Kinachojenga ni maongezi, utani na kuulizana hali. Mwaliko wako uwe na siku na saa ndani yake: "Jumamosi saa kumi natembea, twende wote?" Jiandae kualika wewe mara tatu au nne mfululizo kabla mwenzako hajaanza kukualika. Mara nyingi hajakukataa, ila hajazoea. Akikataa mara tatu bila kutaja siku nyingine, mwache bila kinyongo uende kwa mwingine.

Na usione aibu kulisema hili. Uingereza iliteua waziri wa kushughulikia upweke mwaka 2018, Japani ikafuata mwaka 2021, na Shirika la Afya Duniani liliunda tume ya suala hilo mwaka 2023. Wenzako ni wengi.

Mimi ni mama wa miaka 66. Mtu alinitumia ujumbe kwa jina la jirani yangu, akaniomba namba sita zilizoingia kwenye simu yangu kwa bahati mbaya. Nikampa. Sasa WhatsApp yangu inaomba watu pesa. Wanangu wamekasirika, wanataka kuninyang'anya simu.

Shikamoo mama. Pole sana, na usijilaumu. Hila hii inawanasa vijana pia, kwa sababu ujumbe unatoka kwa mtu unayemjua kweli: jirani yako aliibiwa kabla yako.

Inafanyika hivi. Tapeli huandika namba yako ya simu kwenye simu yake. Programu inatuma namba sita za uthibitisho kwako, mwenye laini. Ukimpa, akaunti inahamia kwake.

Kuirudisha, fungua WhatsApp, andika namba yako upya, subiri namba sita mpya zije kwa meseji, uziingize. Palepale tapeli anatolewa nje. Ikiwa naye aliweka namba ya siri, utaombwa namba usiyoijua. Usihangaike kubahatisha: utasubiri siku 7, kisha utaruhusiwa kuingia bila hiyo, na muda wote huo yeye hayumo. Ukishaingia, nenda kwenye mipangilio, sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, uondoe kila kifaa usichokitambua. Halafu, hapohapo kwenye mipangilio, fungua sehemu ya akaunti, washa uthibitishaji wa hatua mbili, chagua namba ya siri ya tarakimu sita na uweke barua pepe ya kukusaidia ukiisahau. Isiwe mwaka wa kuzaliwa.

Kabla ya yote hayo, leo hii, wapigie kwa sauti watu watano au sita wanaoweza kutuma pesa bila kuuliza, nao wawaambie wengine. Ikiwa kuna aliyekwisha kutuma, awasiliane mara moja na kampuni iliyopitisha fedha hizo, kisha polisi. Kila saa inayopita inapunguza uwezekano wa kuzizuia.

Siku hizi sauti ya mtu nayo inaweza kuigwa na kompyuta kutokana na kipande kifupi cha rekodi. Kubalianeni neno moja la kifamilia la kuulizana simu ya dharura inapokuja, neno ambalo halijaandikwa popote mtandaoni. Na kama mpigaji anakuharakisha, kata, kisha piga wewe kwa namba uliyokuwa nayo siku zote.

Kwa wanao: kumnyang'anya mama simu kunamfanya afiche kosa la pili. Mfundisheni jambo moja kwa kikao kimoja, simu ikiwa mkononi mwake, na vidole vibonyezavyo viwe vyake. Kijana akishika simu na kusema "ona hivi", mama hatakumbuka chochote kesho yake.

Nina miaka 47. Mama yetu anaishi kwangu tangu apate kiharusi. Tuko ndugu wanne. Wenzangu watatu wanatuma pesa wanapokumbuka, na wakija kumwona wananikosoa. Nimechoka hata kulalamika.

Uchovu wako una sababu, na haumo kwenye moyo wako pekee. Kumwangalia mzazi mgonjwa ni kazi tatu zilizofungwa pamoja. Ya kwanza ni ya mwili: kumuogesha, kumlisha, kumgeuza, kumshika atembee. Ya pili ni ya fedha. Ya tatu ni kukumbuka na kufuatilia: tarehe za kliniki, dawa zinazoisha, bili, usafiri, nani aambiwe nini. Hii ya tatu haionekani kwa anayekuja kusalimia, na ndiyo inayokukosesha usingizi.

Anza kwa kuiandika kazi yote kwa wiki moja. Kila ulichofanya na muda kilichochukua, bila maoni. Orodha hiyo ndiyo utakayokwenda nayo kwenye kikao cha ndugu, kwa sababu malalamiko yanajibiwa kwa malalamiko, lakini ni vigumu kubishana na "mara nne usiku, dakika ishirini kila mara". Itisha kikao kwa simu kama wako mbali, kisizidi saa moja. Mama awepo kama anaweza kuongea au hata kuitikia kwa kichwa. Familia nyingi husahau kumuuliza mwenyewe, halafu zinashangaa anakataa mpango.

Kwenye kikao usiulize "nani atanisaidia?" Taja kazi na jina. Ndugu aliye mbali hawezi kuogesha, lakini anaweza kubeba kazi ya tatu yote: yeye ndiye atakayepiga simu kliniki, kuagiza dawa wiki moja kabla hazijaisha, na kulipa bili. Michango iwe na kiasi na tarehe moja kwa mwezi, iingie mahali ambapo wote wanaona mapato na matumizi. Si lazima mchango ulingane kwa kila mmoja. Kinachotakiwa ni ujulikane kabla. Na wewe upate siku nzima ya mapumziko kila wiki, yenye jina la anayeshika zamu na mtu wa akiba. "Mtu akipata nafasi" haijawahi kuwa zamu.

Weka daftari moja karibu na kitanda. Kurasa za mwanzo ziwe za dawa: jina, kipimo, saa, aliyeiandika na kwa ugonjwa gani. Mgonjwa akifikisha dawa tano au zaidi, zitie zote kwenye mfuko mmoja, pamoja na za kununua bila cheti na za mitishamba, umpelekee daktari au mfamasia azipitie. Dawa mbili zilizoandikwa na madaktari wawili wasiojuana zinaweza kumpa kizunguzungu kinachomwangusha. Kama analala muda mrefu, andika saa za kumgeuza, kawaida kila saa mbili hivi, na kagua matako, visigino na mgongo kila siku. Wekundu usiotoka ukiubonyeza ni mwanzo wa kidonda. Taa iwake usiku kati ya kitanda na choo, na mazulia madogo yaondolewe.

Haya mawili wajue wote wanaoshika zamu. Mdomo ukipinda ghafla, mkono au mguu mmoja ukilegea, au maneno yakivurugika, ni hospitali sasa hivi, hata kama hali imetulia baada ya dakika chache. Na mzee aliyekuwa na fahamu zake jana, leo akababaika, tusimwite amezeeka: mara nyingi ni maambukizi, upungufu wa maji au dawa, na anahitaji daktari siku hiyohiyo.

Kuhusu wakosoaji: kila anayekosoa apewe zamu ya saa 24, peke yake, na daftari.

Mimi ni msimamizi wa kundi la mtaa lenye watu zaidi ya 200. Limejaa salamu, ubishi wa siasa na habari za uongo. Juzi mtu aliweka picha ya kijana akimwita mwizi, ikasambaa, kumbe siye. Nifanye nini?

Tuanze na picha, maana hapo kuna hatari ya damu. Iwe sheria isiyo na msamaha: hakuna picha wala jina la mtuhumiwa kwenye kundi. Aliyeona uhalifu aende polisi, kundi lipewe tu saa, mahali na la kujihadhari nalo. Picha ikiwekwa, ifute kwa wote mara moja, uwezo huo unao kama msimamizi, na uandike kwamba imefutwa na kwa nini. Huyo kijana asafishwe jina palepale alipochafuliwa, kwa maneno ya wazi na kwa jina la aliyeweka picha hiyo. Kumwomba msamaha faraghani hakutoshi wakati tuhuma ilikuwa hadharani.

Kisha gawa kundi mara mbili. La matangazo, ambamo wasimamizi pekee wanaandika: maji yamekatika, mkutano, msiba, mtoto amepotea. Na la maongezi, la anayetaka. Wengi wanaonyamaza kwenye kundi lako wamezima sauti, na siku ya dharura ya kweli hawataiona. Wasimamizi wawe watatu au wanne wa umri tofauti. Mmoja peke yake huchoka, au hugeuka mfalme.

Kwa habari yoyote ya tahadhari, dai mambo matatu: lini, wapi, na nani ameona mwenyewe. Ujumbe wenye alama ya kwamba umesambazwa mara nyingi haupiti bila hayo. WhatsApp yenyewe, tangu Aprili 2020, inauzuia ujumbe wa aina hiyo usitumwe zaidi ya gumzo moja kwa wakati, nawe una haki ya kuwa mkali zaidi yake.

Tuko marafiki 18 tunaoweka akiba pamoja na kukopeshana. Mweka hazina ni mwaminifu, lakini fedha zote ziko kwenye simu yake. Kuuliza ni kumtukana?

Sivyo. Utaratibu mzuri unamlinda yeye kwanza, maana siku simu ikiibiwa hatakuwa na ushahidi. Mfumo wa vikundi vya kuweka na kukopa uliobuniwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, na ambao umeenea nchi nyingi, hutumia sanduku lenye kufuli tatu. Funguo hushikwa na watu watatu, sanduku na mtu wa nne, na fedha huhesabiwa mbele ya wote mwanzo na mwisho wa kikao. Kwenu, akaunti inayohitaji idhini ya watu wawili au watatu ambao si wa nyumba moja inafanya kazi ileile. Salio litangazwe kila kikao na wote waliandike.

Mambo mawili ya kuiga kutoka kwenye mfumo huo: mkopo usizidi mara tatu ya akiba ya mkopaji, na kila kitu kikusanywe na kugawanywa mwisho wa mzunguko, kwa kawaida baada ya mwaka hivi. Siku hiyo ya mgawo ndiyo ukaguzi wenu mkubwa. Kundi linaloahirisha mgawo mara mbili lina tatizo tayari.

Nina miaka 27, nimerudi kuishi kwa wazazi ili niweke akiba. Tunagombana kila wiki.

Mnagombana kwa sababu wao wamempokea mtoto, wewe umerudi mtu mzima, na hakuna aliyesema masharti. Kaeni chini, mkubaliane mambo manne: bili moja utakayoilipa yote wewe (inaonekana kuliko mchango wa kiasi kisichojulikana), kazi za nyumbani ambazo ni zako bila kukumbushwa, saa ya kutoa taarifa ukichelewa, na tarehe ya kuondoka. Tarehe uipate kwa hesabu: kodi ya kuanzia, amana, usafirishaji na vyombo vya lazima, ongeza moja ya kumi kwa yasiyotarajiwa, gawanya kwa akiba yako ya mwezi. Waonyeshe hesabu hiyo, kisha ipitieni tena kila baada ya miezi mitatu.