Ukiwa Chennai, anzia Mahabalipuram

Wanaosindikiza wagonjwa Chennai, kusini mwa India, huniuliza wafanye nini siku zile za kusubiri majibu ya vipimo. Huwaambia waende wakaone mahekalu, ila wayaone kwa umri wake, kuanzia ya zamani. Watu watakusifia hekalu la mji wa Madurai kwanza, kwa ile minara yenye maelfu ya sanamu za rangi. Ukianza na hiyo, macho yatashiba kabla hujaelewa kitu.

Anzia Mahabalipuram, kama kilomita 55 kusini kwa barabara ya pwani. Nilikwenda nilipokuwa namuuguza shangazi, na ni safari ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Huko, katika karne ya 7, mafundi wa wafalme wa ukoo wa Pallava walichonga vihekalu vitano kutoka miamba ya graniti iliyokuwa palepale. Hakuna jiwe lililopandishwa juu ya jiwe. Zunguka taratibu, uangalie chini: sehemu nyingine hazikumalizika, na ndizo zinazoonyesha kwamba walichonga kutoka juu wakishuka. Kilicho kidogo kuliko vyote, Draupadi, kina umbo la kibanda cha nyasi, paa na yote, kwa jiwe tupu! Nilikaa hapo muda mrefu kuliko penginepo.

Kisha linganisha viwili vikubwa. Dharmaraja kina ghorofa zinazopungua kadiri zinavyopanda. Bhima ni cha mstatili, na paa lake limejikunja kama la behewa. Yashike maumbo hayo mawili, maana utayakuta kusini kote: la kwanza juu ya chumba cha mungu, la pili kileleni mwa mnara wa lango.

Hekalu la ufukweni, hapohapo Mahabalipuram, la karne ya 8, limejengwa kwa mawe ya kukatwa. Chumvi ya bahari imeshazila sanamu zake nyingi, kwa hiyo usitegemee sura kali.

Ukipata siku mbili, panda treni ya usiku hadi Thanjavur. Hekalu la Brihadisvara lilikamilika mwaka 1010, chini ya mfalme Rajaraja wa ukoo wa Chola. Mnara wake unapita mita 60, wote graniti, katika bonde la mpunga ambako jiwe hilo ililazimu lisafirishwe kutoka mbali. Usiishie kutazama juu. Msingi umeandikwa pande zote: dhahabu iliyotolewa, mafuta ya kuwashia taa za hekalu, hata wanawake 400 waliohudumu hekaluni na mitaa waliyoishi. Kwangu mimi, maandishi hayo yanaushinda mnara.

Sasa nenda Madurai. Utaona mambo yamegeuka: malango ndiyo marefu, lile la kusini takriban mita 50, na chumba cha mungu kimefichika katikati. Wafalme wa baadaye waliendelea kuongeza kuta na malango kukizunguka kile kitovu kitakatifu. Juu ya msingi wa mawe, minara hiyo ni matofali na lipu, ndiyo maana hupakwa rangi upya kila baada ya miaka.

Mahekalu yenye ibada mengi hufungwa mchana, kuanzia kama saa 6 na nusu hadi saa 10, kwa hiyo wahi asubuhi. Viatu huvuliwa, na sakafu ya mawe ikipigwa na jua inaunguza, beba soksi. Funika mabega na magoti. Madurai simu utaiacha nje, na asiye Mhindu haingii chumba cha ndani kabisa.