Sini si ya steringi peke yake: ushauri kwa waigizaji wasaidizi wa Mwanza

Sini ya kula ndiyo inayowaumbua wengi. Umepewa nafasi ya rafiki wa steringi, yaani mhusika mkuu, mmekaa kwa mama ntilie Kirumba, mbele yenu ugali na sato. Teki ya kwanza, yaani mara ya kwanza sini inaposhutiwa, una njaa: unamega tonge kubwa, unang'oa mnofu mgongoni, unasema maneno yako huku unatafuna. Dairekta anafurahi. Kisha kamera inahamishwa ichukue uso wako kwa karibu, halafu uso wa steringi, na kila ikihamishwa mnarudia yote tangu mwanzo. Ikifika teki ya sita umeshiba, samaki amebaki miiba, na tonge lililokuwa mkononi uliposema "kaka, huyo mtu simwamini" sasa limo mdomoni. Mhariri akiunganisha vipande, samaki anaisha halafu anarudi mzima. Hapo anayekatwa ni wewe. Steringi hakatwi.

Kwa hiyo amua vitendo vyako kabla ya teki ya kwanza, na viwe vichache. Tonge la ukubwa wa ncha ya kidole gumba. Chovya kabla ya kusema, sema, ndipo ule. Andika kwenye skripti, pembeni ya neno lenyewe: "chovya", "meza", "nawa". Muulize mapema anayeshughulika na vifaa kama kuna sato wa akiba waliokaangwa sawasawa na huyo wa mezani. Kabla hujavua nguo za sini, pigwa picha kwa simu toka kichwani hadi miguuni: vifungo vingapi viko wazi, mikono ya shati imekunjwa hadi wapi, saa iko mkono gani.

Picha hizo zitakuokoa kwa sababu filamu haishutiwi kwa mpangilio wa hadithi. Sini ya 30 inaweza kushutiwa Jumatatu, ya 4 ikashutiwa Alhamisi. Shati lenye tope la mwaloni (samaki wanakoshushwa) usilifue, na nywele usinyoe, mpaka prodyuza akuambie kazi imekwisha kabisa pamoja na marudio.

Vurugu hiyo ya mpangilio huingia pia kwenye uigizaji. Juu ya kila sini yako andika mambo matatu: natoka wapi, namtaka nini huyu, najua nini mpaka hapa. La tatu ndilo linalosahaulika. Mtu ameshuti msiba jana, leo anacheza sini ya kumtembelea mgonjwa, naye anaingia na uso wa matanga wakati mgonjwa bado yu hai na wanataniana.

Uso wa steringi unaposhutiwa kwa karibu, wengi huenda kukaa kivulini na simu. Usiende. Simama jirani na lenzi umpe maneno kwa nguvu ileile uliyotumia mwanzo, lakini msubiri amalize. Sauti zenu zikipandana, mhariri hana namna ya kuzitenganisha. Zamu yako ikifika, mtazame mwenzako jicho moja tu, lile lililo karibu na kamera. Ukirukaruka kutoka jicho hadi jicho, kwa karibu unaonekana mtu mwongo. Lupita Nyong'o, ambaye kwao ni Kisumu, ng'ambo ya ziwa letu hili, alitwaa Oscar mwaka 2014 kwa nafasi ya msaidizi katika filamu ya 12 Years a Slave. Itazame tena kazi ile, na uangalie macho yake wakati wengine wanaongea.

Kuhusu sauti, ujue kwamba ufukweni upepo wa ziwani hushika kasi mchana. Maneno ya kunong'ona kule Capri Point yapatikane asubuhi, la sivyo utaitwa tena kuingiza sauti studio. Kitenge kipya nacho kina wanga, kinasugua maiki iliyofichwa kifuani. Kifue mara mbili kabla ya siku ya kazi.

Usaili mwingi unafanyika Dar, na nauli ya zaidi ya kilomita 1,000 si mchezo, kwa hiyo jifunze kujirekodi vizuri. Simu ilale kwa ubavu, uso uelekee dirishani, nyuma yako ukuta mtupu, picha ianzie kifuani. Anayekusomea maneno ya upande wa pili asimame karibu na simu na aongee chini kuliko wewe. Ukituma kwa WhatsApp, itume kama dokumenti. Ukiituma kama video ya kawaida inabanwa, na macho yako yanakuwa ukungu.

Mkataba uwe wa maandishi hata kama nafasi ni ya siku mbili. Uandikwe malipo kwa siku, idadi ya siku, tarehe ya kulipwa, nauli, chakula, na kama kuingiza sauti kunalipwa kando. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mwigizaji kuwa ana haki zake, lakini ahadi ya mdomo ni ngumu kuithibitisha.

Kwa kazi za majini, ongeza vifungu viwili. Cha kwanza ni jaketi la kuokolea kwa kila aliye kwenye mtumbwi, lifichwe chini ya nguo pana ikibidi. Watu wa Mwanza hawahitaji kuelezwa sababu. Meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996. Cha pili ni kichocho. Sini ya kuvuta nyavu inaweza kukusimamisha kwa muda wa saa tatu kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, na konokono wanaobeba vimelea vya ugonjwa huo hukaa hapo hapo. Omba viatu vya mpira virefu kama kamera haioni miguu, na ukitoka jikaushe mara moja. Hata hivyo kujikausha hakutoshi kukukinga, kwa hiyo gharama ya kipimo iwe ya prodyuza. Nenda ukapime baada ya wiki 6 hadi 8, maana ukipima wiki hiyohiyo mayai ya vimelea hayajaanza kuonekana, utaambiwa huna kitu na kumbe unao. Ukikutwa nao, dawa yake ni prazikwanteli, na kiasi unachopewa huendana na uzito wako.