Nisini iliyoua mtindi wangu

Nilinunua unga wa nisini kwa sababu ya uvivu. Nilitaka mtindi wangu ukae wiki nyingi kwenye friji, na nilishasoma kwamba nisini ni kihifadhi cha asili kinachotengenezwa na bakteria wa asidi ya laktiki, yaani kabila lilelile linalogandisha mtindi. Kama wanajitengenezea wenyewe, nikawaza, nikiwaongezea kidogo kuna ubaya gani? Nikakoroga unga kwenye maziwa ya uvuguvugu pamoja na mbegu ya mtindi, nikafunika, nikalala. Asubuhi nikakuta maziwa yaleyale ya jana. Hata harufu ya uchachu hayakuwa nayo.

Jibu lilikuwepo tangu 1928. Mwaka huo watafiti wa maziwa nchini Marekani waliona kwamba bakteria anayeitwa leo Lactococcus lactis humzuia Lactobacillus bulgaricus kukua. Na bulgaricus ni mmoja wa wawili wanaotengeneza mtindi! Nisini, kama bakteriosini nyingi (sumu ambazo bakteria hutengeneza dhidi ya bakteria wengine), ni silaha ya ugomvi wa ndugu: hupiga kwanza jamaa wanaogombea sukari ileile. Hunasa kwenye lipidi II, malighafi ambayo bakteria hujengea ukuta wake, kisha hutoboa utando na yaliyomo yakavuja. Anayeitengeneza ana protini za kumkinga. Mbegu yangu haikuwa nazo.

Kwa hiyo ukiambiwa kwamba bakteriosini "huua vijidudu vyote", usikubali. Nisini ni kali kwa bakteria wa Listeria na kwa spora za Clostridium, yaani umbo lao sugu la usingizini, ndiyo maana utaikuta kwenye lebo za jibini za kusindikwa kwa namba ya kihifadhi E234. Lakini bakteria wa E. coli na Salmonella wana utando wa ziada kwa nje unaoizuia, na ukungu wala hauhangaishwi nayo.

Kwa anayechachusha nyumbani, mlinzi mkuu ni asidi yenyewe. Asidi ya laktiki ambayo bado haijaachia ioni zake za haidrojeni hupenya utando wa kijidudu, ikifika ndani huziachia, na kijidudu huishia kutumia nguvu zake nyingi kuzitoa. Siku hizi natumia karatasi za kupimia pH (kipimo cha uchachu: namba ikishuka, asidi imezidi), na sili kitu nilichochachusha ambacho hakijashuka chini ya 4.6, kwa sababu juu ya hapo bakteria wa sumu ya botulini anaweza kukua. (Kuonja si kipimo. Ulimi wangu umenidanganya mara nyingi.)

Kwenye kabichi ya kuchachusha naweka chumvi gramu 20 kwa kila kilo, na kila kipande kizame ndani ya maji yake. Ukungu unahitaji hewa, na ukipata nafasi hula asidi ya laktiki, pH ikapanda, na wale uliodhani umewashinda wakarudi. Nilikuwa nakwangua ukungu wa juu na kuendelea kula. Sasa namwaga chupa nzima.

Na kama bado unaitamani nisini, subiri mtindi ugande kwanza. Kwenye uchachu hudumu vizuri zaidi, ila fahamu kwamba itawapunguza na hao bakteria hai unaowataka. Viwandani huwekwa kwa miligramu chache tu kwa kilo, kiasi ambacho mizani ya jikoni haikioni. Kopo langu bado limejaa.